Kitufe cha Msiba

Mimi sina subira na watu wanaoogopa simu. Nasema mapema ili msije mkanishangaa huko mbele. Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kikundi chetu cha kuzikana hapa Kigwa, nilikuta habari za kifo bado zinasafiri kwa baiskeli. Mtu anafariki leo, mwenzake aliyehamia shambani kwa msimu wa kilimo anapata habari watu wameshaanua turubai. Anakuja mbio, anakuta kaburi limeshapigwa ufagio, analia peke yake. Nikasema hapana, mambo gani haya. Nikaenda mafunzo Tabora mjini, nikarudi na ukurasa wa mtandaoni.

Ukurasa wenyewe ni rahisi. Kila mwanachama yupo na picha yake, na chini ya picha kuna vitufe: mgonjwa, amesafiri, msiba. Ukibonyeza kitufe cha msiba, ujumbe unaruka kwenye simu za wanachama wote kwa mkupuo, halafu ukurasa unafungua orodha ya kazi: maji, kuni, turubai, sufuria, kuchimba kaburi. Unagusa kazi unayoiweza na jina lako linatokea pale pale, kila mtu analiona. Hakuna tena kugombana nani alete sufuria kubwa.

Niliwafundisha kwenye baraza ya kanisa baada ya ibada, Waislamu na Wakristo pamoja, maana kifo hakichagui. Mama Tekla alimaliza bando lake lote akiangalia picha yake mwenyewe na kulalamika kwamba nimempiga akiwa amefumba macho. Mzee Lugembe, Mnyamwezi wa hapa hapa, mfuga nyuki, aliishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Kila nilipomwambia gusa, alibonyeza mpaka kucha ikabadilika rangi. Aliyeelewa upesi kuliko wote alikuwa Mzee Amon.

Amon alikuwa Mgogo. Alikuja Kigwa ujanani na gengi la kukarabati reli. Gengi likahamishwa, yeye akabaki, akastaafu hapa hapa, katika chumba na ukumbi nyuma ya stesheni. Hakuoa, hakupata mtoto, na ndugu zake wa Ugogo walishapotezana naye. Siku aliyojiunga na kikundi aliniuliza jambo moja tu.

"Katibu, mimi nikifa, watu watakuja?"

"Ndiyo kazi ya kikundi, Mzee Amon."

"Hata kwangu mimi, nisiye na mtu?"

Nikamwambia asinipotezee muda, aweke kidole hapa, kisha nimpige picha. Akacheka, akaweka kidole.

Sasa, Mgogo akikaa Unyamwezi hawezi kukosa mtani, na mtani wake alikuwa Lugembe. Mababu wa Lugembe walibeba mizigo ya Waarabu vichwani kwenda pwani, wakakatiza Ugogo, na mababu wa Amon wakawatoza ushuru wa njia na wa maji. Ugomvi ule ulikwisha zamani, ukabaki utani, na hawa wawili waliupalilia kila siku. Asubuhi Lugembe alipita kwa Amon na chupa ya uji, akaanza matusi tangu barabarani.

"Mgogo! Amka ukaombeombe, jua limetoka!"

"Ingia punda wa Waarabu, utue mzigo!"

Kisha wanakunywa uji kwa kikombe kimoja. Mgeni angedhani wanataka kupigana.

Mimi niliacha vitufe wazi kwa kila mwanachama, nikiamini kikundi ni chetu sote na watu wazima wana akili. Basi Jumamosi moja, kabla ya mvua kuanza, simu yangu ikalia: *Msiba. Mwanachama mwenzetu Mzee Lugembe hatunaye tena.* Niliangusha mwiko. Mwenyekiti wetu, Ambrosi, akanipigia kuuliza kama ni kweli. Nikamjibu kwa fahari ya katibu: "Ni kweli, nimeona kwenye mfumo." Wengine wakapiga, nikawajibu hivyo hivyo. Kwenye ukurasa majina yalimiminika. Maji yalipata watu, kuni zikapata watu, turubai likapatikana.

Tulipofika kwa Lugembe na sufuria vichwani, kwaya ya Kanisa la Moraviani ikiwa mbele, tulimkuta marehemu amekaa kwenye kigoda, kifua wazi, anatafuna hindi la kuchoma. Akatazama umati ule, akatazama turubai. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. Pembeni, Amon alikuwa ameegemea uzio, anacheka mpaka machozi.

"Mgogo!" Lugembe akaruka na gunzi mkononi. "Umeniua?"

"Nimekupunguzia foleni!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Chakula kilikuwa kimeshakuja, kikapikwa, kikaliwa, na Lugembe akajipakulia kwanza kwa kuwa msiba ni wake. Kabla hatujatawanyika alinyoosha kidole mbele ya wote: "Siku yako ipo, Mgogo. Nitakuzika na wewe, tena ukiwa hai unanitazama!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimethibitisha kifo cha mtu anayekula hindi, na nilisikia aibu mpaka masikioni. Kwenye kikao nilitaka Amon aondolewe kabisa. Wenzangu wakasema huo ni utani, mtani hafukuzwi, atozwe jogoo ampe Lugembe yaishe. Amon akakubali, lakini jogoo mwenyewe hakumtoa. Kila akidaiwa alisema bado anakua. Mimi nikavifunga vitufe vyote, nikabaki navyo peke yangu.

Mvua zikaja. Kigwa msimu wa kilimo inabaki kama nyumba iliyohamwa. Watu wote wako mashambani, ng'ambo ya mbuga zinazojaa maji, na sehemu nyingi huko ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu. Tuliobaki kijijini ni wachache na wengi wetu ni wazee. Asubuhi moja Lugembe akasimama mlangoni kwangu na chupa ya uji. Haikuwa imefunguliwa.

"Mama Levina," akasema. "Nimemwita Mgogo. Nimemtukana kuanzia barabarani mpaka kitandani. Hajanijibu."

Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Amon alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, amepoa. Nilimfunika, nikamwita muuguzi wa zahanati akaja kuthibitisha akarudi kazini, kisha nikatoa simu nikabonyeza kitufe cha msiba.

Majibu yalikuja haraka. Zilikuwa sura za kucheka, moja baada ya nyingine. Mama Tekla akaandika: *Lugembe kajibu mapigo, na Katibu kaingizwa mjini tena!* Mwingine: *Safari hii siji na sufuria, nakuja na meno ya kuchekea.* Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba ni kweli. Sura za kucheka zikaongezeka. Nikampigia Ambrosi.

"Katibu," akasema, nikimsikia anatabasamu, "hata ile ya Lugembe ulituambia ni kweli."

"Ile niliona kwenye mfumo! Huyu nimemwona kitandani!"

"Haya, mwambieni aamke amlipe mwenzake jogoo." Akakata.

Nilitamani kuitupa simu kisimani. Orodha ya kazi ilikuwa wazi mbele yangu, na hakuna jina hata moja. Maji, hakuna. Kuni, hakuna. Kuchimba kaburi, hakuna. Ningemtuma nani huko mashambani, na mbuga zimejaa? Nikatazama chumba kile, mwili mmoja, mimi na mzee mwenye chupa ya uji. Nikakumbuka Amon akiniuliza kama watu watakuja, na roho ikaniuma vibaya sana.

"Hawaji?" Lugembe akauliza.

"Wanadhani ni wewe unalipiza."

Akaiweka chupa ya uji chini. Kisha akasema, "Ile mashine ya kuonana uso kwa uso, uliyotufundisha siku ile nikasinzia. Iwashe."

Nikaita kikao cha video. Nikamsimamisha Lugembe uani, nikamshikisha simu, nikamwonyesha atazame wapi. Mmoja mmoja wakaingia: Mama Tekla juu ya kichuguu na mwavuli, Ambrosi na jembe begani, wengine kwenye vibanda vyao vya shambani. Wote walikuwa wameshaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

"Mgogo amekufa," Lugembe akasema.

Wakaangua kicheko. "Mwoneshe basi tumwone anavyopumua!" Mtu mwingine akaanza kuimba wimbo wa msiba kwa kubana pua.

"Nawaambia amekufa. Maiti haioneshwi kwenye simu. Njooni."

"Lugembe, we mwigizaji!" Mama Tekla akapiga makofi, mwavuli ukamwanguka.

Nilitaka kuipokonya ile simu niwatukane wote. Lugembe akanizuia kwa kiwiko. Alikuwa bado ameishika kwa mikono miwili.

"Nilimuuliza," akasema, "siku ile ya hindi, mlipoondoka. Nikamwambia, Mgogo, kama ulitaka kujaribu hiki kitufe, mbona hukujiandika wewe mwenyewe, ukaniandika mimi? Mnajua alinijibu nini?" Akaisogeza simu karibu na uso. "Alisema: niliogopa wasije. Alisema: kwako nilijua watakuja, wewe una watu. Nilitaka tu nione watu wakija wanafananaje."

Kisha akalia. Simaanishi alitokwa na chozi. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinatoka, mzee mzima, na uso wake umejaa kwenye simu ya kila mtu.

Kwetu mtani halii msibani. Yeye ndiye anayewachekesha wafiwa, anayevaa kofia ya marehemu na kumwigiza mwendo wake. Mnyamwezi kumlilia Mgogo hadharani ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, wala mtu hawezi kulifanya kwa mzaha. Vicheko vikazimika kwenye visanduku vya picha zao, kimoja kimoja. Ambrosi akashusha jembe begani. Mama Tekla akashuka kwenye kichuguu akasahau kukata simu, tukawa tunaona majani na miguu yake inakimbia.

Ukurasa ukaanza kusogea. Maji: Tekla. Kuni: Zabibu na Koleta. Turubai: Ambrosi. Kuchimba kaburi, majina yakajaa, mengine yakaomba nafasi iongezwe. Nikamwonyesha Lugembe. Alinipa simu akaenda kufungua chupa ya uji, akaumimina kwenye kikombe chao, akakiweka chini karibu na mlango wa Amon.

Walifika wamelowa mpaka kiunoni. Wengine walivuka mbuga na masufuria vichwani, wengine walitoka Tabora mjini kwa gari la mizigo. Hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni kwa muda, mpaka Lugembe akaonekana amevaa kofia ya reli ya Amon, anatembea kwa ule mwendo wa marehemu wa kuvuta mguu, anaombaomba ugoro kwa kila mtu. Hapo tukapumua.

Tulipofika kaburini na jeneza, Lugembe akarukia ndani ya shimo, akakaa kitako.

"Hapiti!" akapiga kelele. "Hii ni ardhi ya Unyamwezi! Babu zangu walilipa ushuru kila hatua ya Ugogo, na kiu juu. Huyu anataka kuingia bure? Hapiti mpaka alipe!"

Watu wakambembeleza, akakataa. Wakampa sigara, akakataa. Mwisho nikaenda mwenyewe nyumbani kwa Amon, nikamkamata yule jogoo aliyekuwa "bado anakua", jogoo mkubwa ajabu, mwekundu, aliyeshiba kuliko mwenye nyumba. Amon alikuwa amemfunga kitambaa mguuni, kama anavyofungiwa mtu zawadi. Nikamteremshia Lugembe shimoni. Akampokea, akakitazama kile kitambaa, akapanda juu. Tukamzika Mgogo.

Watu walipoanza kurudi chini ya turubai, Lugembe alibaki. Nilimsubiri kwa sababu njia inateleza. Akaniita.

"Mama Levina, yale majina bado yamo humo?"

"Yamo."

"Nionyeshe namna ya kuyateremsha."

Nikamshika kidole, kile kile cha kubonyeza mpaka kucha ibadilike rangi, nikakipitisha juu ya kioo taratibu. Sikuwa na haraka. Akajaribu mwenyewe, majina yakakimbia, akayarudisha. Akachuchumaa kando ya udongo mbichi, jogoo kwapani, akaanza kusoma kwa sauti, kama mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua.

"Tekla, amekuja. Ambrosi, amekuja. Zabibu na Koleta, wamekuja, wamelowa. Adinani, amekuja." Aliendelea hivyo, hakuruka mtu, na palipokuwa na jina gumu aliigeuza simu kwangu nimsomee. Mwisho kabisa wa orodha kidole chake kikasimama.

"Na Lugembe," akasema. "Nimekuja, mjinga wewe."