Habari Ilitangulia Manila

Ijumaa, tarehe saba Novemba, Athanas alitoka kambi yao ya wafanyakazi, Sanaiya, akashuka mtaa wa Najma na kuku wa kukaanga mkononi, kumwona mkewe kama kila Ijumaa, akakuta kitanda cha Gakii kimeondolewa godoro.

"Homa, shemeji," wakamwambia wanawake waliokaa chumba kimoja na Gakii. "Ambulensi ilimbeba jana usiku. Kwani hawakukupigia?"

Nani ampigie? Kwenye makaratasi ya kazi, mtu wa Gakii wa kupigiwa hakuwa mumewe. Alikuwa mandubu, yule mshughulikia vibali wa kampuni ya usafi. Kampuni huwaandika wote hivyo, mwenye mume na asiye naye. Na mandubu, Ijumaa ni siku yake ya kupumzika, simu huizima.

Simu ya Gakii nayo ilikuwa kimya. Athanas akazunguka hospitali mpaka viatu vikamchubua. Kwenye kila dirisha waliuliza namba ya kitambulisho cha mkewe, naye hakuijua. Mume gani huijua kwa kichwa? Jumapili mandubu akawasha simu. Gakii alikuwa amekata roho Jumamosi, peke yake, mkono wake haujashikwa na mtu.

Sasa miezi imepita, na Athanas, askari wa hoteli huko West Bay, amesimamishwa mlangoni mwa ukumbi. Ndani wamekutana wakubwa wa afya wa miji ya Asia, kuzungumzia magonjwa ya kuambukiza.

"Mzee wangu, tabasamu basi," mwenzake Cyrus akamtania. "Leo unalinda Asia nzima."

"Nalinda sambusa zao tu."

Kwenye kipaza sauti daktari mmoja alikuwa akijisifu, Kiingereza chake cha polepole, Athanas akakifuata. Mgonjwa wa kwanza wa homa ya kuambukiza, mfanya usafi, mwanamke wa Najma, chumba cha watu wanane. Alilazwa Alhamisi usiku, tarehe sita Novemba. Kabla hakujapambazuka, Manila, Bangkok na Mumbai walikuwa wamekwishajua, wakajikinga. Huo ndio ushirikiano!

Ukumbi ukalipuka makofi.

"Cyrus, huyo ni Gakii."

"Gakii gani?"

"Mke wangu, bwana! Wanampigia makofi."

Cyrus akamkamata mkono. "Mzee, tulia. Kibarua kitaota nyasi."

"Kiote."

Wakati wa chai Athanas akasimama mbele ya daktari, akamuuliza. Daktari akamtazama beji, kisha viatu. "Swali zuri sana," akasema, akapita kwenda kuchukua kahawa.

Kabla ya magharibi Athanas alikuwa amehamishiwa geti la magari, huko juani, asisumbue wageni. Lakini wageni lazima watokee hapo. Kila anayeshusha kioo huulizwa swali lile lile alilomuuliza daktari: habari ya Gakii ilivuka bahari ikafika Manila usiku ule ule, ilishindwaje kufika kambini Sanaiya, mji huu huu mmoja, kwa mumewe?