Msaragambo Kifuani mwa Mke Wangu

Usiku wa jana, kabla hata sijageukia ukutani, niliota nimeitwa msaragambo. Kwetu Upareni mbiu ya msaragambo ikilia, kila kaya inatoa mtu wa kwenda kuzibua mfereji. Mimi huwa natoa udhuru.

Safari hii mbiu imelia ndani ya kifua cha mke wangu, Nakijwa. Wiki nzima pumu ilikuwa imembana, analala ameketi, amekumbatia mto. Sijui niliingiaje humo. Nakumbuka nilivua viatu, basi.

Ndani mbavu ishirini na nne wamejipanga mstari. Mbele yao amesimama kiwambo, ule msuli mpana wa chini ya mapafu, amevaa buti za mpira.

"Shikamoo," nikasema, nisijue kama kiwambo cha mke wangu ni shemeji au mkwe.

"Marahaba. Umechelewa. Shika kamba mwisho kule."

"Mgongo wangu, mwenyekiti, tangu juzi..."

"Mgongo wako tumeshauuliza. Umesema uko mzima."

Nikashika kamba. Mbavu wanasema "haya", tunavuta, kifua kinapanda, Nakijwa anapata pumzi moja. Nikapangusa mikono nikiuliza zimebaki ngapi. Mbavu wakatazamana.

"Kazi hii haina kubaki," kiwambo akasema. "Miaka thelathini na nane sijapumzika, hata Krismasi. Zamani tulikuwa tunavuta tu. Pumzi ilijitoa yenyewe, nasi tukapumzika hapohapo. Sasa njia zimebana, hata kutoa tunasukuma. Mapumziko yenyewe yamekuwa kazi."

Sikuelewa, ila niliitikia kwa kichwa, kama ninavyofanya mikutanoni.

Mara tuko kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Hakuna aliyeshangaa. Kamba ni ileile, mbavu ni walewale, lakini bwawani hamna maji, mna upepo, na unatoka kwenye kitundu kinachopiga mluzi. Nilikuwa naujua mluzi ule. Nimeusikia wiki nzima kitandani nikajifanya nimelala.

Tunavuta, tunasukuma. Shingo anakuja mbio, bado amebeba kichwa cha Nakijwa, naye anadaka kamba. Mbavu wote wakamkazia macho.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kazi ya shingo ni kubeba kichwa," ubavu aliye jirani yangu akaninong'oneza. "Ukimwona kwenye kamba, ujue sisi tunaelekea kushindwa."

"Mkishindwa?"

"Tukishindwa, unarudi nyumbani peke yako."

Niliogopa, nasema kweli. Nikavuta na zamu za mifereji yote niliyokwepa. Halafu pua ikaniwasha. Jamani, pua ni pua. Nikaachia kamba nijikune, mara moja tu.

Kifua hakikupanda.

Wote wakanigeukia, hata kichwa cha Nakijwa, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Nilidhani watu wengi vile hawawezi kumhitaji mmoja.

"Na wewe tulikuhesabu," kiwambo akasema, wala hakufoka.

Nikaidaka kamba kwa mikono miwili, nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote, nikamwita mke wangu kwa jina. Kitu kikalegea kule mbele. Mluzi ukashuka, ukashuka, ukaisha. Shingo akaachia kamba, akaenda zake na kichwa chake.

Nilipoamka kumekucha. Upande wake wa kitanda ni mtupu. Nilitoka mbio bila shati.

Nakijwa yuko jikoni anakoroga uji, anaimba taratibu. Wiki nzima hakuwa na pumzi ya kuimba. Nikakaa kwenye kigoda.

"Umeamkaje?" nikamuuliza.

"Salama, Baba Eliesikia. Leo nimelala chali mpaka asubuhi. Pumzi zilikuja vizuri kabisa. Moja tu ilichelewa, nikaisubiri."

"Ilichelewa kwa nini?"

"Yule wa mwisho kwenye kamba alikuwa anajikuna," akasema, akanipa bakuli la uji.