Miaka Kumi na Tisa ya Mwalimu Luvanda

Usiku wa jana, nikiwa nimelala na soksi jozi mbili, niliota nimekwenda kukata bima ya gari, na nyuma ya kaunta lilikuwa limekaa koti.

Lilikuwa koti la baridi, la kijivu, zipu imefungwa hadi juu na ndani hamna mtu. Sikushangaa. Hapa Edmonton, Kanada, nina miezi minne, na karibu kila niliyezungumza naye alikuwa koti kwanza, uso baadaye.

"Umri wako?" likaniuliza kwa Kiswahili cha taarifa ya habari.

"Arobaini na sita."

"Nauliza umri wa barabarani. Leseni ya hapa umeipata lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Basi una siku kumi na moja. Bei ya bima ya dereva mchanga hutaimudu."

Likaniomba nipande mzani. Ulikuwa ule wa kliniki ya mama na mtoto, wa kuning'inizwa. Nikavishwa kaptula ya kitambaa nikaning'inia, miguu haigusi chini, na foleni nzima ya makoti ikinitazama kwa huruma.

"Kilo sabini na nane," koti likasoma. "Kwa dereva wa siku kumi na moja, amenyonya vizuri."

Nikalieleza taratibu, maana hasira huwa hainisaidii. Nikasema Jumatatu naanza kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, nyumba tano kwa siku, kila moja upande wake wa mji. Msimamizi ameshasema bila gari lenye bima nisijisumbue kwenda, nafasi atapewa mwingine. Nikasema pia kwamba nimeendesha pikapu ya viazi kutoka Njombe hadi Morogoro kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kugonga hata kuku.

"Kuku yuko tayari kuthibitisha?" likauliza.

Leseni yangu ya Tanzania ikatoa kichwa kwenye pochi. "Shikamoo," ikaliamkia koti. "Huyu mama namfahamu. Nimesafiri naye sana."

"Wewe ni mgeni," koti likasema. "Mgeni hathibitishi mgeni."

Leseni ikarudi ndani na kujifungia zipu yenyewe.

Ndipo nikatoa stika zangu za bima, kumi na tisa kamili. Kila mwaka nilipobandika mpya, ile ya zamani niliibandua kwenye kioo cha mbele kwa wembe na kuitunza. Zikajipanga juu ya kaunta mstari mmoja, kama wanafunzi asubuhi.

"Taja jina la mwenye bima," koti likaiambia ya kwanza.

"Festo Luvanda."

"Festo Luvanda," ikasema ya pili. Na ya tatu. Ya kumi na tisa ilikuwa imeshakauka sauti, lakini nayo ikalisema jina hilohilo.

Hapa niseme jambo ambalo hata mchana huwa nalizunguka. Pikapu aliniuzia Mwalimu Luvanda, aliyenifundisha darasa la nne. Tuliandikishiana kwa mtendaji wa kata, akanipa ufunguo na kadi ya gari, nami nikamwahidi nitabadilisha jina la mmiliki mwezi uleule. Sikubadilisha. Kwetu nani anabadilisha? Ukisimama barabarani Njombe ukayaita magari kwa majina yaliyo kwenye kadi, nusu hayaitiki. Kila mwaka wakala aliisoma kadi akaandika Luvanda, nami nikaona sawa tu, bima ni bima.

"Dereva mzoefu ni huyo Luvanda," koti likasema. "Aletwe."

Mlango ukafunguka akaingia Mwalimu, miaka themanini na moja, kandambili miguuni na shuka begani kama mtu aliyeamshwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Editha. Mbona wamekuning'iniza?"

"Nimezaliwa wiki iliyopita, Mwalimu."

"Hongera," akasema.

Koti likampa ufunguo kwa mikono miwili. "Miaka kumi na tisa bila ajali. Tunakukaribisha. Endesha."

"Mimi?" Mwalimu akauliza. "Mimi hata baiskeli ilinishinda. Pikapu niliachiwa na kaka yangu, nikawa naifuta vumbi tu."

Lakini ilikuwa imeshaandikwa.

Sasa tuko Kitonga, kwenye njia ya Njombe kwenda Morogoro, tunashuka mlima. Ukungu umejaa. Mwalimu ameshika usukani, koti limekaa kushoto kwake na fomu mapajani, na mimi nimefungwa mikanda nyuma, kwenye kiti cha mtoto mchanga. Mwalimu amekanyaga breki, mguu wa kulia umenyooka mpaka unatetemeka.

"Gia ya pili, Mwalimu," namwambia. "Ukikalia breki tu, zitaungua."

"Ya pili iko wapi?"

"Sukuma kushoto, urudishe nyuma."

Anaipata, lakini mguu hautoi kwenye breki. Mbele yetu lori linawasha indiketa ya kulia.

"Linakata kulia," koti linasema. "Lipite kushoto kwake."

"Halikati popote," nasema. "Dereva anatuambia tusimpite, kuna gari linapanda."

Kwenye ukungu linatokea basi, linapita upande wa kulia na kupotea. Koti linageuza fomu mbele na nyuma. Linatafuta pa kuliandika hilo, halipaoni.

Harufu ya breki inaingia ndani, na pikapu inasimama kwenye kona, mahali pabaya kuliko pote. Najifungua mikanda na kushuka. Nakata matawi kando ya barabara, narudi nyuma hatua nyingi, nayapanga kwenye lami moja moja hadi ilipo pikapu.

"Unachafua barabara," koti linasema.

"Namwambia anayekuja kwamba mbele kuna gari bovu."

"Kwa majani?"

Semi, lori refu la trela, inashuka, inayaona majani, inapunguza mwendo na kutuzunguka. Dereva wake ananiinulia mkono, nami namwinulia. Sijainuliwa mkono namna hiyo tangu nifike Kanada, na nahisi machozi karibu.

Mwalimu amekaa juu ya jiwe, anausugua mguu.

"Kwa nini hukunipigia simu, Editha?"

"Aibu, Mwalimu. Nilikuahidi mwezi mmoja. Nianze vipi kukupigia leo nikuombe miaka yangu?"

"Kwani ni yako?"

"Ni yangu," nasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtamkia mtu yeyote neno hilo tangu nifike huku.

Mwalimu akaligeukia koti. "Wewe kijana," akaliambia, "mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nane. Siwezi kupokea maksi za mtoto mwingine. Huyu nilimchapa mwaka mzima kwa kunakili hesabu za jirani. Leo unataka mimi ndiye ninakili."

"Yaandike hayo kwenye barua basi," koti likasema.

"Nipe kalamu."

Koti likajipapasa mifuko yote. Halikuwa na kalamu, na nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, theluji dirishani. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mke wa Mwalimu, ambaye hatujazungumza naye tangu niondoke Njombe. Aliutuma saa kumi alfajiri ya huku, yaani saa nane mchana ya kwao.

"Editha mwanangu, habari za huko? Mwalimu alijilaza baada ya chakula, ameamka mguu wa kulia haukanyagiki. Nimemkanda kwa maji ya moto. Anasema ni breki. Nikamuuliza, wewe breki umeijulia wapi? Yeye anapekua makabati anatafuta kalamu. Anasema nikuulize, hiyo barua aiandike kwenda kwa nani."