Gitaa Lisilo na Lebo

Kwanza kabisa, sijafilisika. Naanza na hilo kwa sababu tangu nilipobandika karatasi mlangoni kwamba mwisho wa mwezi nafunga karakana, kila aliyepita alinitazama kama mfiwa. Wifi yangu alikuja ameshika tama, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya wodini kama kuna mtu ananidai. Jirani wa pili akataka kujua nimegombana na nani. Mteja mmoja, ambaye gitaa lake nimelipaka rangi hadi nimelichoka, alinivuta pembeni akaniuliza kama ni mume wangu amenikataza. Mume wangu! Mtu ambaye hajawahi kumkatalia hata paka wa jirani anapoingia jikoni.

Nilifunga kwa sababu nilitaka kupiga gitaa. Hakuna jingine. Lakini jibu hilo nikilitoa watu wanacheka, wanasema haya, sasa tuambie ukweli.

Ukweli ni huu. Mchana mimi ni fundi wa majeneza. Ni kazi nzuri, tulivu, na mteja wangu akishaingia ndani harudi kuniambia kona ya kushoto inambana. Jioni nilikuwa nataka kitu cha kuburudisha roho, nikanunua gitaa kuukuu kwa mtu aliyekuwa anahama. Vidole vyangu ni vifupi, vinene, vidole vya kushika randa, na shingo ya lile gitaa ilikuwa pana kama ubao wa kukatia mboga. Kila nikijaribu kubana nyuzi, kidole kimoja kinafika, vingine vinaishia njiani. Wengine wangesema basi, gitaa si la kwangu. Mimi nikalifunga kwenye jiliwa, kile chuma changu cha kubania mbao, nikachukua tupa na msasa, nikaanza kulichonga lifuate mkono wangu.

Balaa ni kwamba nilikuwa nachongea uani, watu wanaona. Kabla sijafika hata nusu, kijana wa nyumba ya nyuma akaja na la kwake, eti nimpunguzie mgongo maana linamchoma tumboni. Nikampunguzia. Akaja rafiki yake, anataka rangi ya kijani. Akaja mwalimu wa kwaya. Mara tukahamisha vitanda vya watoto, chumba cha nje kikawa karakana, na watu wakaanza kuniita fundi hata sokoni. Langu nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, shingo nusu imechongwa nusu bado, nikaliambia wewe subiri.

Lilisubiri. Watoto wakamaliza shule, wakaoa, wakaolewa, lile gitaa bado liko nyuma ya mlango. Mimi huku nahangaika na watu. Kuna bwana alitaka picha ya mchumba wake kwenye gitaa. Nikamchora, akapendeza kuliko alivyo. Wakaachana, bwana akarudi nimfute nimchore mwingine. Nikamchora mwingine. Akarudi tena, kichwa chini, anataka yule wa kwanza. Kuna mwingine alitaka rangi ileile ya gari lake, na ili nisikosee akang'oa kifuniko cha tangi la mafuta akaniachia mezani, akaendesha wiki nzima tangi wazi. Wote hao niliwavumilia. Wote walipata walichotaka, mimi nikibaki na vumbi la msasa kwenye nyusi.

Na hapa lazima nieleze utaratibu wangu, maana ndio ulioniponza. Gitaa likiingia, kabla hata sijaligusa, nalifungia lebo kichwani, kikaratasi kigumu chenye uzi: jina la mwenyewe na anachotaka. Hakuna gitaa linalokaa mle ndani bila lebo. Ila langu. Nani anajiandikia lebo nyumbani kwake mwenyewe? Sufuria zangu hazina lebo. Mume wangu hana lebo.

Siku kazi inapopwaya nilikuwa nalishusha, nalisugua kidogo, nalipima kiganjani, narudisha. Wiki ileile niliyobandika karatasi mlangoni ndiyo wiki niliyolimaliza. Shingo nyembamba, laini, inakaa mkononi kana kwamba tumezaliwa pamoja. Nikavalisha nyuzi mpya. Nyuzi nimezivalisha kwenye magitaa ya watu wote mjini, lakini siku hiyo nilizivalisha polepole, moja moja, na sioni haya kusema hivyo. Sikulipiga. Nilijiambia nitalipiga siku nikifunga, mlango nimeukomea, hakuna anayebisha hodi. Kuna wimbo mmoja tu ninaoujua, ule baba yangu alikuwa anaupigia mluzi akinyoa ndevu, na naujua mpaka katikati tu.

Sasa aje Solo. Huyu ni mpiga gitaa la solo wa bendi ya harusi, jina lake la kuzaliwa nadhani hata mama yake kashalisahau. Anapiga vizuri, simnyimi haki yake. Ndiye aliyekasirika kuliko wote nilipotangaza kufunga. Alikuja akasimama mlangoni akaniambia nina roho mbaya, kwamba nimewazoesha watu vizuri halafu nawaacha kwenye mataa. Nilimwambia mafundi wapo, atafute. Akasema hawapo. Nikamwambia basi ajifunze. Hapo akageuka, akaenda moja kwa moja hadi duka la dawa, kazini kwa mume wangu, akayamwaga yote pale mbele ya wagonjwa.

Mume wangu ameuza dawa maisha yake yote. Mtu akija analalamika, yeye anageuka nyuma, anatafuta kwenye rafu, anampa kitu. Hawezi kumwacha mtu aondoke mikono mitupu. Ni mwema, na wema wake huo kuna siku utaniua mimi.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kwenye majeneza, nikaingia chumba cha nje, nikasukuma mlango nivue aproni. Nyuma ya mlango msumari ulikuwa mtupu.

Kwanza nilidhani limeanguka. Nikainama, nikatazama chini ya meza, nyuma ya makopo ya rangi. Halafu nikasikia mume wangu anajikohoza nje, kile kikohozi chake cha kuomba msamaha kabla hajasema kosa, nikajua.

Alikuwa amempa Solo. Na si kumpa tu kimyakimya, la. Alilipeleka kwenye mazoezi ya bendi, akasimama mbele ya watu wazima wenye akili zao, akatoa hotuba kwamba hii ni zawadi ya kuagana kutoka kwa fundi wenu. Wakapiga makofi. Mpiga ngoma alifuta machozi, nikaambiwa.

"Halikuwa na lebo," mume wangu akasema. "Nilidhani ni la duka."

"Miaka yote nalishusha. Miaka yote unaniona."

"Nilidhani unalipangusa vumbi."

Niliketi. Mtu unalala naye, unakula naye, unamwogesha akiumwa, na miaka yote hiyo anakuona umeshika kitu chako kifuani anadhani unapangusa vumbi.

Alipoona nimeketi tu akazidi kuogopa, akaanza kunibembeleza. Ameshatoa mbele za watu, angerudi awaambie nini, angeonekana mtu wa namna gani. Wifi akaletwa kusuluhisha. Wifi akasema jamani, gitaa tu, si utajichongea jingine, si fundi ni wewe? Hapo ndipo damu iliponichemka hasa. Kwa sababu ndivyo wote wanavyofikiri. Mwokaji akioka mkate, wa kwake ni ule ulioungua. Fundi wa viatu apite na ndala. Ukishajua kutengeneza kitu, basi hakiwi chako tena, ni cha yeyote atakayelia kwa sauti kubwa. Nilimwambia wifi aende zake nyumbani kwa heshima kabla heshima haijaisha.

Lakini sikwenda kulidai. Niseme nini? Mume wangu ni mume wangu, na kumvua nguo mbele ya bendi nzima sikuweza. Nikameza uchungu wangu. Nyumbani nilimjibu ndiyo na hapana tu, na chai alijipikia mwenyewe.

Siku ya mwisho ikafika. Watu walikuja kuchukua magitaa yao, nikakata nyuzi za lebo moja moja, nikawakabidhi. Wengine walinishukuru vizuri kabisa. Bwana wa mchumba alikuja na mchumba mwenyewe, na kwa kweli picha bado imemzidi. Mume wangu alikuwa anafungua skrubu za rafu ukutani, anajitahidi kuwa na manufaa. Nilikuwa nimebakiza meza, msumeno, jiliwa na debe moja la rangi tu, na kundi dogo la watu mlangoni wasiotaka kuondoka. Ndipo akaingia Solo, na mfuko mpya wa gitaa mgongoni.

Hakusalimia. Akafungua zipu, akalitoa, akaliweka mezani kando ya msumeno. Lilikuwa limeshaanza kuwa na alama za kucha za mtu mwingine.

Akasema gitaa lina kasoro. Shingo ni nyembamba mno, nyuzi zimebanana, kidole kimoja kinakanyaga nyuzi mbili. Amepanda nalo jukwaani akaaibika mbele ya maharusi. Haamini kama fundi wake wa miaka yote, akimaanisha mimi, anaweza kukosea hivi. Kwa hiyo nilikate hiyo shingo, niweke pana, halafu nifunge duka langu kwa amani. Alisema kama mtu anayenifanyia hisani.

Nikamtazama mume wangu. Akaangalia chini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mfanyie tu, mama watoto. Yaishe."

Yaishe! Yaani mimi nichukue msumeno kwa mkono wangu, nikate kitu nilichokichonga tangu watoto wanaota meno, ili mwanamume mwenye vidole kama vijiti vya mwavuli apate nafasi. Na hiyo ndiyo iwe kazi yangu ya mwisho. Na baada ya hapo niseme ahsanteni, kwaherini.

Nilichukua gitaa. Solo akadhani nalipeleka kwenye jiliwa, akasogea kunipisha. Nikamwambia, "Lete mkono wako."

Akaleta. Nikaushika, nikauweka kwenye shingo ya gitaa, vidole vyake virefu vikaning'inia upande wa pili. Nikautoa. Nikaweka wangu. Ulikaa. Kila kidole kilipata mahali pake, na hakuna mtu mle ndani, hata yule mchumba, ambaye hakuelewa anachokiona.

"Halina kasoro," nikasema. "Ni langu."

Solo akasema alipewa. Alipewa mbele ya watu, kwa makofi, na zawadi hairudishwi. Mashahidi anao. Akamgeukia mume wangu amtetee, na watu wote mlangoni nao wakamgeukia. Mimi sikumgeukia. Nilikuwa nimechoka kumtazama.

Nikasikia bisibisi ikiwekwa juu ya rafu.

"Halikuwa langu kutoa," mume wangu akasema. "Nilikosea. Hulichukui."

Sauti yake ilikuwa kavu. Nadhani alikuwa hajawahi kumkatalia mteja, hata mtu anayetaka dawa bila cheti. Alibaki amesimama pale, jasho linamtoka, anasubiri dari imwangukie. Haikuanguka.

Solo hakupenda. Lakini ni mtu wa jukwaa, akaona watu wanatazama, akatabasamu upande mmoja. Akasema haya, basi kama ni lako, lipige tulisikie.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimejiahidi mlango umefungwa, niko peke yangu. Lakini nilikuwa nimepandwa na mori, na mtu mwenye mori haangalii nani yupo. Nikavuta debe la rangi, nikakaa, nikaanza ule wimbo wa baba. Mwanzo ulitoka. Kidole kikateleza, nikarudia. Nikafika katikati, pale ambapo siku zote napotea, nikapotea. Nikaanza tena. Nikapotea palepale. Watu mlangoni wakaanza kutazama viatu vyao, mmoja akajifanya anatafuta simu. Niliendelea mpaka ncha za vidole zikaniuma, na sauti nzuri iliyotoka mle ndani ilikuwa ya gitaa, si yangu.

Nilipoacha, Solo alisogea karibu na debe. Hasira ilikuwa imemwisha. Alionekana mtu aliyeshangaa kweli.

"Fundi," akasema, "hujui kupiga."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nafunga."

Akakunja mfuko wake mtupu, akauweka kwapani, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mume wangu akafunga mlango kwa ndani, akapiga komeo, akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yangu bila kukohoa. Nikaanza tena tangu mwanzo.