Mtoto wa Kuazima

Chuo chetu kilikuwa Temeke, kando ya barabara ya Kilwa, na wakubwa wake walishikilia kwamba mwanafunzi alale pamoja na somo lake. Waliosomea kilimo walilala Nyumba ya Bustani, wakanuka samadi mpaka kwenye mito yao. Waliosomea ushonaji walilala Nyumba ya Sindano, na ole wako ukae kwenye kiti chao bila kutazama. Sie wasichana sita tuliosomea ulezi tulilala Nyumba ya Malezi, na kwa kuwa huwezi kujifunza kulea kwa kubembeleza mto, chuo kilituazimia mtoto.

Naam, mtoto wa kweli, wa watu. Ilikuwa mwaka 1954. Watu wa mjini walikuwa wameanza kunong'ona siasa. Sie tulinong'ona chupa.

Mtoto mwenyewe aliitwa Aliakbar, wa miezi miwili, mwana wa Mohamedraza, Mhindi mwenye duka la vitambaa karibu na lango letu. Mkewe, Fatema, alishikwa na homa kali baada ya kujifungua, akalazwa, maziwa yakamkauka. Hawakuwa na jamaa hapa Dar. Mkuu wetu alikwenda kununua kitambaa cha nepi, akamkuta baba wa watu anapima kaniki kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, akamwomba amwazime kwa wiki sita. Mohamedraza alikubali kabla hajamaliza kuambiwa.

Mkuu huyo alikuwa Mwingereza, Misi Harwood, nasi tulimwita Mama Saa kwa ajili ya saa ndogo aliyoibandika kifuani. Mtoto alilishwa saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, na kuendelea, na hakuna kilio kilichoweza kuusogeza mshale. Kila mlo uliandikwa katika daftari: saa, kiasi, na jina la aliyemlisha. Kila wiki mmoja wetu alikuwa mama wa wiki, ndiye mwenye daftari.

Jambo moja zaidi. Nyumba ya Malezi ilipokea wasichana wasio na mume wala mtoto, na kila mmoja wetu alitia sahihi karatasi ya kusema hivyo siku ya kuingia. Walitaka walezi wasiowahi kuzaa, sawa na kutafuta mpishi asiyewahi kuonja. Nililisema hilo mezani siku ya kwanza na wote wakacheka, isipokuwa Kokuberwa. Mie ni Mfipa, jina langu Filomena, na mdomo wangu haukuwahi kuwa na mlango. Kokuberwa alikuwa Mhaya wa Kanyigo, mrefu, mpole, mtu wa kufua nguo zake peke yake. Nilidhani ana maringo.

Wiki yangu ya umama ilinikuta pabaya. Aliakbar alikuwa anaikataa chupa. Tulibadilisha maziwa, tukabadilisha chuchu ya mpira, tukamwimbia nyimbo za makabila yote sita, naye akatema. Jumamosi mbili mfululizo kabla ya wiki yangu mizani ilikuwa imeonyesha amepungua. Mama Saa akasema akipungua tena atapelekwa wodi ya watoto, na sote tulijua surua ilikuwa imeingia huko. Niliogopa mpaka nikaacha kula, na mie si mtu wa kuacha kula.

Jumatatu mchana wenzangu wakiwa darasani nilirudi kuchukua daftari. Nyumba ilikuwa kimya, na ukimya ule ulinishtua, maana mtoto yule alikuwa halali mchana. Nikafungua chumba cha kupigia pasi. Kokuberwa, aliyeachiwa mtoto mchana ule, alikuwa amekaa juu ya rundo la mashuka, na Aliakbar alikuwa ananyonya ziwa lake, ameshika kidole chake kwa nguvu, anameza kwa sauti.

Nikasema jambo la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kusema. "Bado dakika ishirini."

Hakumwondoa mtoto. Akanieleza palepale, machozi yakimtoka bila kelele. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano, amemwacha kwa mama yake. Baba wa mtoto alivuka kwenda Uganda na hakuleta hata salamu. Cheti cha chuo chetu kingempa kazi ya bibi maendeleo huko kwao Bukoba, na kazi ile ilikuwa na nyumba ndani yake. Akishaipata, angemchukua binti yake waishi wote. Ndiyo sababu alitia sahihi uongo. Tangu afike alikuwa akijikamua kwenye beseni la kufulia, na kila Aliakbar alipolia, maziwa yalimtoka yenyewe.

Ilinipasa kwenda kwa Mama Saa. Badala yake nilikaa kwenye mashuka pembeni yake, nikafungua daftari, nikaandika: saa nane, chupa nzima, Filomena. Wenzetu walipolisha zamu zao mtoto alikunywa kidogo akatema, halafu Kokuberwa akamchukua kwenda kumbadilisha nepi. Mie niliandika chupa nzima kila mlo, na maziwa yaliyobaki nikampa paka wa Nyumba ya Bustani, akanenepa mpaka akaacha panya. Wiki yangu ilipokwisha nikaomba niongezewe nyingine, na Mama Saa akaniona mtu wa bidii. Jumamosi mizani ikapanda. Mama Saa akatuambia tumeona sasa faida ya kufuata saa.

Siku ya kumi na moja Fatema akaja. Alikuwa ametoka hospitali, amekonda, amejifunga mtandio mweusi. Alimpakata mwanawe, na mtoto akageuza kichwa moja kwa moja kifuani pake, mdomo wazi, anatafuta. Fatema akaacha kumbembeleza. Mtoto aliyelelewa kwa chupa tangu siku ya tatu hatafuti hivyo, na mama yeyote analijua hilo, isipokuwa wale waliosoma kwenye vitabu.

Akaniuliza kwa upole kama mtoto anapokea chupa. Nikamwambia anamaliza yote. Akanitazama, akamrudisha mtoto mikononi mwangu, akaaga kwamba atarudi kesho na mumewe.

Jioni ile, tukianua nepi kambani, nilimsihi Kokuberwa akanushe. Zilibaki siku tisa tu tupate vyeti. Nilimwambia Waislamu wana sheria yao: mtoto akinyonya mwanamke mchana kutwa na usiku kucha, yule ni mama yake, na watoto wa yule mwanamke ni ndugu zake, hawaoani. Ndilo Fatema analolitafuta. Lakini Mhindi wa Temeke na Mhaya wa Kanyigo wataoana lini? Uongo huu haumdhuru mtu.

Kokuberwa alikunja nepi mpaka ya mwisho ndipo akajibu. "Filomena, mimi nimeshamkana mtoto mmoja kwa sahihi yangu. Huyu wa pili sitaweza."

Nilimkasirikia. Nilimwita mjinga, na mengine ambayo siyarudii. Ukweli ni kwamba niliogopa, kwa ajili yake na kidogo kwa ajili ya daftari langu.

Asubuhi tuliitwa sote sebuleni. Mohamedraza alibaki kibarazani, kofia mkononi, maana aliona mambo haya ni ya wanawake. Fatema alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alisema hakuja kugombana. Mwanawe alikuwa anakufa na sasa ana mashavu, na hayo mashavu si ya maziwa ya kopo. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Nani amemnyonyesha mwanangu?"

Mama Saa, ambaye Kiswahili alikijua vizuri, akafungua daftari akaanza kumwonyesha chupa zangu mstari kwa mstari. Nikatazama sakafu. Kokuberwa akasimama.

"Ni mimi, Mama Aliakbar. Siku kumi na moja."

Fatema akainuka, akamwendea, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa analia. "Basi mwanangu ana mama wawili," alisema. "Na wewe una mtoto. Lazima unaye. Anaitwa nani?"

"Yuliana," Kokuberwa alisema. "Ana miezi mitano na nusu."

Siku kumi na moja nilimficha, nikamwandikia, nikajiona shujaa, na sikuwahi kumuuliza mtoto wake anaitwa nani. Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Fatema alilirudia jina lile mara mbili ili asilisahau, akatoka kibarazani kumwambia mumewe, na tukamsikia Mohamedraza naye akijaribu kulitamka.

Mama Saa alifunga daftari. Alisema kanuni hakuitunga yeye. Alisema Kokuberwa ataondoka na treni ya Jumamosi, bila cheti. Sauti yake haikuwa ya hasira, na nilitamani iwe ya hasira, ningepata wa kumchukia. Nami alinihukumu kubaki na daftari mpaka mwisho, na kuandika kweli.

Jumamosi asubuhi sanduku la Kokuberwa lilikuwa tayari mlangoni, na gari la Mohamedraza lilikuwa nje kumpeleka stesheni. Fatema alikuwa amempa gauni dogo la maua kwa ajili ya Yuliana, amelishona mwenyewe akiwa bado na kizunguzungu. Tulikuwa tunaagana. Ndipo Aliakbar, mikononi mwa Fatema, akaisikia sauti ya Kokuberwa akaanza kulia.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini. Sote tulimtazama Mama Saa. Tulikuwa tumefundishwa vizuri.

Aliitazama saa yake, akamtazama mtoto, kisha akavuta kiti chake mwenyewe, kile cha mikono ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukikalia, akakiweka katikati ya sebule. Kokuberwa akakaa. Fatema akampakatisha mtoto. Kilio kikakatika, na kilichosikika ni kumeza tu, na honi ya Mohamedraza mara moja, halafu nayo ikanyamaza.

"Andika," Mama Saa aliniambia.

Nikafungua daftari. Niliandika saa tatu na dakika arobaini. Kwenye kiasi nikaandika: amenyonya. Nilipofika mahali pa jina la aliyemlisha nilisita, maana nilitakiwa kuandika kweli, na Kokuberwa hakuwa tena mwanafunzi wa nyumba ile. Nikaandika: mama yake.

Mama Saa akainama juu ya bega langu, akasoma. Nilingoja anisahihishe. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akatia sahihi yake chini ya maneno yale.