Msiba wa Alf wa Bucha

Mume wangu Clifford hajafa, na nimechoka kuwaeleza watu. Aliyekufa ni Alf, mwenye bucha katika mchezo wa runinga ambao nusu ya Uingereza huacha chakula kipoe ili wautazame. Clifford ndiye aliyemwigiza Alf, miaka nenda miaka rudi, uso umekunjamana kama aliyelamba ndimu, hacheki hata kwa bahati mbaya. Mwezi uliopita wakubwa wa mchezo wakamgongesha Alf gari la maziwa. Nchi ikalia, wakashtuka, wakampigia Clifford simu: rudi, utakuwa pacha wake. Utupe jibu Jumatatu.

"Pacha!" Clifford akabwata. "Doreen, mimi nilikuwa mchekeshaji kabla ya upuuzi huu. Nikiwachekesha watu wa kwetu, sirudi kwenye ile bucha ng'o!"

Basi Jumapili mchana tukaenda kwao Barnsley, kwenye klabu ya wachimba makaa alikoanzia kazi. Nilimwonya kwamba bado ni mapema, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mlangoni tu, wanawake wakajipanga kunipa mkono. Bibi mmoja akanitilia pai ya nyama kwenye mkoba.

"Pole sana, mwanangu. Alikuwa mkali, lakini nyama yake safi."

"Bibi, mume wangu si huyu hapa?"

Akampima Clifford juu mpaka chini. "He! Umeshapata mwingine?"

Clifford akapanda jukwaani. Kabla hajafungua mdomo, Norman, katibu wa burudani, akamnyang'anya maikrofoni. Norman huyo humkatiza yeyote, hata mwimbaji aliye katikati ya wimbo, kutangaza kwamba pai zimefika. Watu wa klabu huona kuwa ni kawaida.

"Samahani, Cliff. Kwanza tusimame dakika moja tumkumbuke Alf."

Wakasimama wote. Kofia zikavuliwa. Wanaume wanaoshinda chini ya ardhi bila woga walikuwa wanapenga kamasi. Nilitamani kupiga kelele.

Walipoketi, Clifford akaanza na kichekesho chake cha mama mkwe, ambacho kimenichosha tangu tulipooana. Kimya. Akatoa kingine. Kimya.

"Heshima basi, kaka!" mtu akafoka kutoka nyuma. "Mwenzako hata hajazikwa!"

Jasho likamtoka. Akaviacha vichekesho. Sauti ilipotoka ilikuwa imekatika, na nikaogopa, maana sauti ile nilikuwa nimeisikia siku ya kumzika mama yake tu.

"Jamani, hakuna Alf. Hajawahi kuwapo. Ni mimi, Clifford, mtoto wa Edna. Niko hai. Hakuna anayeniona?"

Ukumbi ukalipuka. Walicheka mpaka bia zikamwagika. Norman alijishika mbavu, yule bibi akafuta machozi kwa kitambaa cha meza, na wote wakasimama kumpigia makofi. Nilitaka kuwazaba mmoja mmoja. Clifford aliinamisha kichwa kuwashukuru, kama kazi inavyotaka, akashuka.

Ndani ya gari nikajitahidi. "Si wamecheka? Tena wamesimama. Ulichokitaka umekipata."

"Sikuwa natania, Doreen."

Tulikuwa tumeshaupita mji alipoongea tena.

"Kesho wapigie wewe," akasema. "Waulize huyo pacha anaitwa nani."