Herufi Nne Juu ya Kibaraza

Fundi seremala na dada yake mkubwa waliachiwa na baba yao nyumba ya vyumba viwili iliyotazama barabara. Katika chumba cha kushoto fundi alitengeneza viti, cha kulia dada aliuza chai. Kibaraza kilikuwa kimoja, na ndicho kilichowagombanisha. Vumbi la mbao lilitua kwenye vikombe, na wanywaji chai walivikalia viti vya kuuza hata kabla rangi haijakauka.

Siku moja fundi alikwenda kung'oa milango kwenye hoteli iliyokuwa ikibomolewa, akarudi na herufi nne za bati jekundu, kila moja ndefu kama mkono wa mtu mzima. Akazipanga sakafuni: S, E, A, T.

"Neno hili ni kiti," alisema. "Naliweka juu pale, kila anayepita alione."

Dada alikuja akijifuta mikono. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha shuleni, cha kuombea maji tu, lakini na yeye alikuwa na neno lake. Akaisukuma S kando kwa mguu, akaitanguliza T.

"T, E, A. Na hii ni chai."

"S itakwenda wapi?"

"Mwishoni. Chai za kila aina."

"Za kila aina zipi, dada? Unayo moja, nayo majani yake ya kuhesabu."

"Yangu angalau inanyweka. Viti vyako vinalala hapa tangu mvua zilizopita."

Hata hivyo walichuchumaa, wakaanza kuzisogeza. Walipata E, A, S, T, mashariki, wakacheka kwa kuwa nyumba yao ilitazama magharibi. Walipata S, E, A, bahari, ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiona. Fundi akapata A, T, E, alikula.

"Hilo nitakubandika wewe mgongoni," dada alisema. Wakaendelea hivyo mpaka maziwa yakafurika jikoni.

Mwishowe, kwa kuwa herufi zilikuwa zake, fundi akapigilia neno lake la kiti. Jioni ile dada alimletea chai isiyo na sukari.

Haikupita wiki, upepo mkali ukaing'oa S na kuipinda. Fundi aliichukua ndani kuinyoosha, na alikuwa bado anaigonga kwa nyundo aliposikia lori likisimama. Dereva, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alipanda kibarazani, akaketi kwenye kiti kipya.

"Leo kuna chakula gani?"

"Mzee, hapa ni viti," fundi alisema. "Na chai, pale kwa dada."

"Mbona mmeandika kula?"

Ndugu wawili walitoka hadi barabarani, wakainua macho. E, A, T. Pamoja na kupangapanga kwao kote sakafuni, neno lile liliwapita.

Dada hakungoja kuombwa mara ya pili. "Pumzika kidogo, kaka," alimwambia dereva, akaingia ndani. Alichemsha mayai, akakata mkate, akapasha moto maharage waliyoyaweka kwa ajili yao wenyewe. Dereva alikula kwa utulivu, akafuta sahani kwa mkate, kisha akaegemea nyuma na kupapasa mikono ya kiti.

"Hiki nacho kinauzwa?"

Alikinunua pamoja na kingine kama hicho, akisema mama yake anaumwa mgongo na hana kiti cha kuegemea.

Lori lilipoondoka, fundi aliisimamisha ngazi ukutani, akabaki ameishika ile S.

"Unaipandisha?" dada aliuliza.

"Nawaza."

"Waza vizuri, mdogo wangu. Mtu akila, lazima akae. Lakini akikaa tu, atakula nini?"

Fundi alicheka, akaishusha ngazi. Kazi ya kukata mbao aliihamishia uani, na mbao zilizobaki akazitengenezea meza ndefu, ikawekwa kibarazani. Viti vyake vilizungushwa pale, kila mteja akijaribu kimoja. Mchana dada huzunguka na sufuria, na fundi hukaa pembeni kabisa akila pamoja na wateja. Akiona sahani yake inakaribia kuisha, humwita dada aongeze, naye humwongezea, akilalamika kwamba mteja huyu anakula kuliko wote.